Tulidhani Ni Nzige

Kasuku, nyuma ya reli,
Kindu, Maniema.
Jumapili, tarehe 27 Novemba 2022

Mpendwa mwanangu Okito,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama nilivyokuwa nikikupokea ulipotoka shule na kaptula imechanika. Afya kwanza, maneno baadaye. Ule mgongo uliokusumbua umepoa? Mkeo Ange hajambo? Watoto wanakula, wanasoma, wanajua kwamba wana bibi huku Maniema anayewaombea kila asubuhi? Kama kuna mgonjwa niambie ukweli. Ninyi mlio mbali mna desturi ya kusema "hatujambo" hata mkiwa mmelazwa hospitali.

Sisi huku tupo. Mvua haina adabu mwaka huu, inaingia hadi jikoni. Mto umejaa, na binti yangu Falone, anayekaa ng'ambo kule Alunguli, siku nyingine anashindwa kuvuka kuja kuniona. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Mchele umetoka vizuri, samaki wamekuwa adimu, sombe ya majani ya muhogo haijatukimbia. Hatujalala njaa, tumshukuru Mungu.

Utajiuliza kwa nini mama yako mdogo ameshika kalamu wakati simu ipo. Nimeikataa simu makusudi. Simu yetu ya huku inakula maneno, inameza kichwa inaacha mkia. Tena wewe una tabia ya kusema "ndiyo mama, ndiyo mama" kabla sijamaliza, halafu tunaachana kila mtu na lake. Karatasi haimkatizi mtu. Na ni hiyo simu iliyotuingiza kwenye aibu ninayotaka kukusimulia, na baada ya aibu, kwenye jambo lisilochekesha hata kidogo.

Unakumbuka ulivyopiga mwezi wa tisa. Mtandao ulikuwa unakohoa. Nilisikia: "Mama, nimemupatia Blaise kazi… kriketi… nyasi… tuko tunalinda nyasi zisiharibike…" halafu kimya. Sasa ninyi wa Dar es Salaam mkisema kriketi, kila mtu anawaelewa. Lakini sisi tuliochapwa fimbo na masista ili tujue Kifaransa, criquet ni nzige. Nzige yule yule wa Biblia, mla mashamba. Na miaka miwili iliyopita redio ilitangaza kila siku kwamba nzige wameshuka Kenya, wakapita Uganda, wakafika hadi Ituri. Ungekuwa mimi ungeelewa nini? Nilielewa kwamba huko wanaajiri watu wa kupigana na nzige, na kwamba wewe mwanangu umekuwa mkubwa wao.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Siku hiyo hiyo nilimpa Blaise, kitinda mimba wangu, radhi yangu yote, nikamtemea mate kidogo kwenye kipaji cha uso kama bibi yenu alivyokuwa akifanya, nikamwambia nenda, mwanangu, ukaokoe chakula cha watu. Kanisani akina mama walimwombea, na mmoja wao akasoma lile la Misri mpaka nikaona nzige wanatembea juu ya madhabahu. Mzee mmoja wa Kailo, mkulima wa mpunga, alikuja na jogoo kuniomba Blaise akirudi amletee ile dawa yao. Mimi nilichukua chandarua cha zamani nikashona wavu wenye mdomo mpana, na kijifuko cha kuwatia. Nilimwambia: ukipata wanono, uwakaushe vizuri na chumvi, unikumbuke.

Halafu ukatuma picha kwenye simu ya Blaise. Okito, picha hiyo ndiyo iliyonimaliza. Niliona wanaume wamevaa nguo nyeupe tupu, nikasema hao ni maagronome, mabwana shamba, nguo nyeupe ni kwa ajili ya dawa. Niliona mmoja ameinua ubao mpana, nikasema huo ndio wa kuwapigia. Miguuni amefunga mito mikubwa mpaka magotini, nikasema kweli, nzige wa huko wanakwaruza. Nyuma yake mwingine amechuchumaa, amevaa glavu kubwa, usoni ana kimia cha chuma, nikasema huyo ndiye mkamataji. Kuna vijiti vitatu vimesimikwa chini, nikasema mtego. Na katikati ya uwanja nyasi hakuna, udongo mtupu, nikaweka mkono kifuani: tazama walivyokula! Nilimwonyesha kila mtu aliyepita barabarani.

Blaise alikuwa amekaa pale pale mlangoni. Alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Mtu aliyenizindua ni Isidore, yule fundi wa velo, baiskeli kwa Kiswahili chenu, wa hapa jirani. Humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka. Vita vilipotulia alifanya kazi jikoni kwa wale askari wa amani waliotoka upande wa Uhindi, kule kwenye uwanja wa ndege. Nilimpa simu aone nzige wanavyopigwa. Alitazama, akaitazama tena, halafu akaanza kucheka mpaka akaketi chini juu ya tairi.

"Mama Blaise," akasema, "hawa hawako wanapiga nzige. Hii njo mupira ya Wahindi. Kila siku ya Mungu walikuwa wanaicheza kule aeroporti. Nzige yao iko nyekundu, nguvu sawa jiwe."

Nilimgeukia mwanangu. Nilimuuliza mara moja tu: ulijua? Akasema: "Nilijua, Mama." Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Wewe Okito unajua kwa nini. Lakini mimi na wewe hatujawahi kuyasema tangu jioni ile, siyo kwa simu, siyo kwa mtu, kila mwaka tunazunguka kando yake kama watu wanaozunguka shimo. Acha leo niyaseme mara moja, yawe kwenye karatasi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita. Shule imefungwa, treni imelala, chumvi tunaisikia kwa jina. Mama yako Élisabeth, dada yangu, tulikuwa tumemzika msimu uliotangulia, na wewe ulikuwa unalala kitanda kimoja na Amuri wangu. Mimi nilikuwa na mimba ya huyu Blaise, na chakula kisicho na chumvi kilikuwa hakikai tumboni. Akapita mtu na velo na bomba la kutangazia. Akasema Jumamosi kutakuwa na mechi kwenye kile kiwanja cha karibu na mabehewa, vijana wa kata zote waje, watakaoshinda watapewa sabuni na chumvi.

Amuri akaniambia: Mama, Jumamosi utakula mboga yenye chumvi. Alikuwa na jozi moja ya viatu vya mpira, ambayo baba yake aliibadilisha na gunia la mpunga. Akakupa wewe, kwa sababu ulikuwa golikipa na mbele ya goli palikuwa na kokoto. Yeye akaenda peku. Baba yake, marehemu Papa Michel, alikuwa amelala na homa, mimi nilikuwa nafua. Nilisikia makelele ya mechi kutoka hapa uani, nikawa nafurahi kwa ajili yenu. Nilisikia filimbi. Halafu nikasikia malori.

Ulirudi jioni, na viatu vile miguuni, na magoti yametoka damu kwa kutambaa chini ya mabehewa. Ukasema: "Mama, wamewapakia wote. Amuri aliniambia kimbia." Kabla ya jogoo kuwika Papa Michel alikuweka mikononi mwa watu waliokuwa wanakwenda kwa miguu upande wa Kibombo, na kutoka hapo Mungu ndiye aliyekuongoza mpaka ziwani na ng'ambo yake. Sijakuona tena kwa macho. Viatu vile sikuwahi kuuliza vilikwenda wapi, na leo pia siulizi.

Vita vilipokwisha wakaanza kuwarudisha vijana kutoka porini. Kila nilipoambiwa wameleta wengine nilikwenda. Nilikuwa nasimama mbele ya nyuso zao mmoja baada ya mwingine, watu wazima tayari, wenye ndevu, na mimi natafuta mtoto wa miaka kumi na saba. Wengine waliniita mama. Nilikuwa nawapa ndizi niliyobeba, narudi nyumbani.

Ndiyo maana katika nyumba hii mpira haujaingia. Blaise alipokuwa mdogo hata chungwa bovu hakulipiga teke mbele yangu. Najua alikuwa anacheza huko ng'ambo kwa Falone, mama hapofuki kiasi hicho, lakini alikuwa ananistahi. Wenzangu wanasema nimezidi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi mimi ndiye huyo, na ung'ongo huu una watu kumi na mmoja kila upande.

Sasa unanitumia habari kwamba kuna uwanja, na vijana, na mpira, na kwamba nimpeleke mwanangu wa mwisho. Tena unamwambia yeye pembeni kwamba mkubwa wako wa kazi hawezi kuiweka nafasi hiyo wazi kupita mwaka mpya. Najua una nia njema. Najua hujasahau. Lakini ungenieleza mwenyewe, polepole, hata kama ni kwa kurudia mara tano.

Jibu langu ni hapana. Mpe mtu mwingine kazi hiyo. Karatasi za kusafiria za Blaise, alizozihangaikia tangu mwezi wa tisa, nimezichukua nikazifukia ndani ya ndoo ya mchele, na juu ya ndoo nimeweka jiwe la kusagia. Mimi nina mtoto mmoja wa kiume duniani, hata ukihesabu vizuri. Nitaikabidhi barua hii kwa Djo, mfanyabiashara wa mawese, anayepanda treni kwenda Kalemie na kuvuka hadi Kigoma. Treni imefika, itaondoka siku itakayopenda yenyewe.

*

Alhamisi, tarehe 1 Desemba

Mwanangu, treni bado haijaondoka. Wanasema kuna chuma kimevunjika. Kwa hiyo barua hii imebaki juu ya kabati, na mimi nimerudi kuikalia. Yale ya juu sikuyafuta. Niliyaandika kwa moyo wangu na nataka uyasome.

Lazima nikueleze Blaise amekuwa mtu wa namna gani, maana ulimwacha tumboni. Si mvivu. Alimaliza shule, akatafuta kazi mjini, kazi yenyewe hakuna, kila ofisi ina mtoto wa mwenye ofisi. Akaenda Kalima kuchimba kasiterite, yale mawe ya bati, na wenzake. Mwaka jana wakati wa mvua shimo lao liliporomoka. Walimtoa Blaise kwa kumvuta miguu, mwenzake aliyekuwa chini yake walimtoa siku iliyofuata, na huyo hakutoka mzima. Tangu hapo hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa. Anakaa nyumbani, anachota maji, anatengeneza paa, anatazama simu. Kijana wa miaka ishirini na mitatu akikaa nyumbani namna hiyo anaoza, naona kwa macho yangu.

Na mwaka huu, kama unavyosikia, bunduki zimeanza tena kusema kule Kivu. Hapa mjini vijana hawaongei lingine. Kila jioni pale kwa Isidore ni redio na mabishano, nani amejiandikisha jeshi, nani anakwenda wiki ijayo. Mimi nilikuwa nasikia kama mtu anayesikia mvua ya mtaa wa pili.

Nilipomwambia Blaise kwamba nimekuandikia hapana, hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema "sawa, Mama," akaendelea kuchambua mchele. Nilifikiri yamekwisha, nikajisifu kwamba nina mtoto msikivu.

Juzi jioni aliingia na kofia kichwani. Nikamwambia avue, tuko mezani. Alipovua, Okito, kichwa chote kimenyolewa, kinang'aa. Hapa sasa vijana wakinyoa hivyo kila mtu anajua wanakwenda wapi. Nikamuuliza hiyo ni nini.

Alijibu polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama, umekataza kiwanja ya yaya Okito, mukubwa yangu. Ni sawa. Lakini kuko kiwanja ingine, na kule hawaulizangi mama."

Sitakuandikia nilivyolia. Nililia vya kutosha, na mbele yake, jambo ambalo sikulifanya hata tulipomzika baba yake. Alikuja akanishika mabega, akasema bado hajaandikisha jina, amenyoa tu kwanza, ataandikisha Jumatatu. Kwanza! Kama mtu anayelowesha nguo kabla ya kufua.

Asubuhi ya jana nilikwenda kwa Isidore. Nilimwambia aache velo za watu, nina maswali. Nilimuuliza: wale askari walipocheza ule mchezo, bunduki zao zilikuwa wapi? Akasema zilibaki kambini, mchezaji hana pa kuiweka. Nikamuuliza: walikuja uwanjani kwa lori? Akasema kwa miguu, wakibishana njiani. Nikamuuliza: anayeshindwa anapelekwa wapi?

Hapo alinitazama, akaelewa ninachouliza. Hakucheka. Aliniambia kwamba katika mchezo ule mtu akitolewa hapelekwi popote. Anatembea mwenyewe mpaka pembeni, anavua glavu, anaketi na wenzake, anakunywa chai na maziwa na kuwatukana wanaoendelea. Jioni wanapeana mikono, vijiti vinang'olewa, kila mtu anarudi alikotoka. "Mimi njo nilikuwa napika ile chai," akasema. "Vikombe vyote vilikuwa vinarudia jikoni kwangu."

Nilimwambia sielewi, anionyeshe. Basi akang'oa ubao uliokuwa unashikilia dirisha la kibanda chake, akasimika spoku tatu za velo kwenye udongo, akanipa ubao. Mimi, Okito, na goti langu hili! Akachuma pera bichi, akarudi nyuma, akaja mbio akizungusha mkono kama anayefukuza nyuki, akalirusha. La kwanza lilinipita. La pili lilipiga zile spoku, akapiga kelele kwamba nimetoka, nikamwambia sitoki popote, rusha tena. La tatu nililipata. Lilipasuka, mbegu zikamrukia usoni, na kuku wa jirani wakaja mbio kuokota.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, watu wakasimama barabarani wakidhani kuna jambo. Halafu nikaona haya, kwa sababu ilikuwa ni kufurahi juu ya kiwanja, na mimi nilikuwa nimejinyima furaha hiyo tangu ile Jumamosi. Nilikaa kwenye gogo pale nimeshika ubao, na ndipo wazo likanijia. Labda wewe umelijua siku zote na ukaniheshimu kwa kunyamaza.

Si mpira uliomchukua Amuri. Ni lori. Mpira ulikuwa kitu chake cha mwisho kizuri, huo na chumvi aliyotaka kuniletea. Na mimi muda huu wote nimeupiga marufuku mpira, na malori yanaendelea kupita barabarani bila mtu kuyauliza.

Jana jioni nilimwita Blaise nikamwambia anieleze kazi yenyewe, asinifiche lolote, na asiniletee tena nzige. Akanieleza kwamba hutaki acheze. Kazi ni kuutunza ule uwanja: kumwagilia, kukata nyasi, kuvuta lile gogo la chuma linalosawazisha udongo wa katikati, na kuufunika mvua ikija. Kwamba ulimwambia unatafuta mtu anayeujua udongo, anayeweza kuushika mkononi na kusema umelowa kiasi gani. Alipokuwa anaeleza hayo mikono yake ilikuwa inafanya kazi peke yake, inabonyeza, inapima. Sikuwa nimemwona hivyo tangu Kalima.

Mimi nilikuwa nafikiri jambo moja tu, kwamba huo ni udongo wa juu. Hakuna anayeingia chini yake. Atakuwa amesimama juu yake kwenye jua, na mbingu yote juu ya kichwa chake.

*

Jumamosi, tarehe 3 Desemba

Naandika haraka. Treni inaondoka leo, safari hii kweli, mashine imeshaanza kutoa moshi na watu wanapigania nafasi juu ya magunia. Djo amekuja kuchukua barua yako mara mbili na nimemfukuza mara mbili.

Asubuhi nimeondoa jiwe la kusagia, nikatia mkono kwenye ndoo ya mchele mpaka kiwiko, nikazitoa zile karatasi. Nilizipuliza pumba. Blaise alikuwa nyuma yangu, akanyoosha mkono kuzipokea.

Kwa hiyo Okito, jibu langu unalijua tayari, maana aliyekukabidhi bahasha hii si Djo. Acha kusoma kidogo, inua macho, umtazame. Huyo mwenye kichwa kilichoanza kuota nywele ndiye. Masikio ni ya Amuri, nimekuwa nikiyaangalia miaka yote hii. Sauti si yake, sauti ni ya baba yake. Mpe maji kwanza, mpe na kiti, maana hataomba.

Kula anakula sana, Ange asishtuke. Usiku msimfungie mlango wa chumba, na kama kuna wezi basi afunge kwa pazia na imani. Akinyamaza muda mrefu, usimuulize juu ya Kalima, mpe kazi ya mikono. Mfundishe kuvuta hilo gogo la chuma bila kuvunja mgongo kama wewe. Kanisani aende. Na akitaka kuupiga huo mpira siku moja, jioni, kazi ikiisha, mwache aupige. Nimesema mimi.

Ule wavu wa chandarua nimemfungia ndani ya begi. Mzee wa Kailo bado anasubiri dawa yake, sijapata uso wa kumwambia, na jogoo tumeshamla. Nimeona bora kitu hicho kisafiri. Labda mtakining'iniza mahali watoto wacheke.

Falone anakusalimu, amevuka mto kwenye mvua ili amuage mdogo wake, na watoto wake wamemlilia mpaka wamelala. Isidore anakusalimu bila kukujua, anasema umwambie mchezaji wa ubao kwamba huku Kindu kuna mama mwenye goti bovu anayempita. Msalimie Ange, mbusu kila mtoto kwa jina lake. Kaburi la mama yako Élisabeth nimelisafisha wiki iliyopita, usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Mungu aliyekupitisha chini ya mabehewa na kukuvusha ziwa, akae kwenye mlango wenu, aingie mnapoingia na atoke mnapotoka. Radhi niliyompa Blaise kwa ajili ya nzige nimempa upya jana usiku kwa ajili ya huo mpira, kwa jina lake kamili, na mate yale yale. Sehemu yako nimeitia humo.

Sharti langu ni moja, na wewe ndiye utakayenisimamia. Kila jioni, watu wakishatoka, vijiti vikishang'olewa, na Blaise akiwa nje ya geti, anibipu. Mara moja tu, akate. Sitapokea, sina maneno ya kila siku. Nitakuwa hapa uani, pale pale nilipokuwa nafua ile Jumamosi, simu nimeiweka juu ya jiwe. Ikilia na kunyamaza nitajua kwamba mchezo umekwisha na mwanangu anarudi nyumbani. Okito, ni hilo tu nililokuwa nalisubiri siku ile, na sijaacha kulisubiri.

Wako akupendaye hata akikukaripia,
Mama yako mdogo,
Jeannette